Uzi: India waligawa majimbo kwa lugha na nchi haikuvunjika. Sisi Tanga tungegawanaje?

#1 Kahawa Chungu (mleta mada)
Wakuu, salamu kwenu. Jana baada ya isha, kijiweni Ngamiani, mzee mmoja wa Kikachi alituacha midomo wazi. Kazaliwa hapa hapa Tanga, fundi saa wa zamani, na kwenye bao hatumuwezi. Anasema baba yake mdogo, aliyebaki kwao Kutch, huko magharibi ya India, alikuwa na nyumba moja na hakuhama hata siku moja, lakini ndani ya miaka kumi na mbili alikaa majimbo matatu. Mwaka 1948 Kutch ilikuwa jimbo peke yake, inaongozwa moja kwa moja kutoka Delhi. Mwaka 1956 ikatiwa ndani ya Bombay. Tarehe 1 Mei 1960 Bombay ikakatwa vipande viwili kwa sababu ya lugha, Wamarathi wakapata Maharashtra, Wagujarati wakapata Gujarat, na mzee wa watu akaamka yuko Gujarat. "Miye sijahama, umehama mpaka," ndivyo alivyoandika kwenye barua.

Nimekesha nasoma habari hizo. Dai langu ni hili: India walikuwa na lugha mia kidogo, wakawapa wenye lugha majimbo yao, na nchi ipo mpaka leo, majimbo 28. Sisi tuliambiwa ukitaja kabila tu nchi inapasuka. Je, tuliogopa kivuli? Na kama tungefanya kama wao, Mkoa wa Tanga ungekatwa vipi? Karibuni, bila matusi.

#2 Papa Mshumaa
Nimekaa mbele kabisa. Kashata ziko wapi?

#3 Mgosi wa Mlalo
Mimi sina haja ya kusoma. Kuanzia Mombo kupanda juu mpaka Mlalo na Mtae ni kwetu. Nyie wa chini mtajijua na joto lenu. Makao makuu Vugha, palipokuwa pa Kimweri, mfalme wa Usambara. Kura imepita, tuendelee na mada nyingine.

#4 Binti Tongoni
@Mgosi wa Mlalo hizo karoti, kabichi na peasi mtamuuzia nani mkishafunga geti pale Mombo? Mtakula wenyewe?

#5 Mwalimu Mstaafu
Mleta mada, ahsante. Umeanza vizuri ila umesimulia kana kwamba wakubwa wa India waliamka siku moja wakagawa majimbo kwa moyo mkunjufu. Haikuwa hivyo.

Chama cha Congress chenyewe kiligawa kamati zake za majimbo kwa lugha tangu mwaka 1920, wakati wanapigana na Mwingereza, kwa sababu mkutano wa hadhara huufanyi kwa Kiingereza kijijini. Uhuru ulipokuja 1947, nchi ikakatwa Pakistan upande huu na upande ule, damu ikamwagika, waziri mkuu Nehru akaogopa kukata tena. Tume ya Dhar mwaka 1948 ikasema lugha isiwe msingi wa majimbo. Ikaundwa kamati nyingine ya watu watatu, Nehru mwenyewe, Vallabhbhai Patel na Pattabhi Sitaramayya, nayo ikasema subirini.

Waliosubiri wakachoka. Wenye Kitelugu walikuwa wamechanganywa na wenye Kitamil katika jimbo la Madras. Mfuasi mmoja wa Gandhi, Potti Sriramulu, aliyewahi kufanya kazi reli, akaanza kugoma kula tarehe 19 Oktoba 1952 akidai jimbo la Andhra. Watu walidhani atatishia siku mbili tatu. Alifia Madras usiku wa tarehe 15 Desemba. Fujo zikalipuka miji ya Watelugu, reli zikashambuliwa, polisi wakapiga risasi. Siku nne baada ya kifo chake Nehru akatangaza kwamba Andhra itaundwa. Ikazaliwa tarehe 1 Oktoba 1953.

Baada ya hapo mlango haukufungika. Ikaundwa tume ya kupanga majimbo upya chini ya Fazl Ali, ikatoa ripoti 1955, sheria ikapitishwa 1956, na tarehe 1 Novemba mwaka huo nchi ikapangwa upya: majimbo 14 na maeneo 6 ya serikali kuu. Kwa hiyo hawakupewa, walinyang'anya.

#6 Papa Mshumaa
Mwalimu nimekupata. Ila huyo mzee kama alianza Oktoba kumi na tisa mpaka Desemba kumi na tano, hiyo si zaidi ya siku hamsini? Mimi Ramadhani tu saa kumi jioni naona nyota.

#7 Ndimu na Chumvi
Habari toka Dar. Naona mnasifia tu. Mleta mada anasema "nchi haikuvunjika". Mkuu, India ilivunjika kabla, 1947. Walipogawa majimbo, kipande kilichotaka kwenda kilikuwa kishakwenda. Halafu tazama Pakistan upande wa pili. Waliwaambia Wabengali lugha ya taifa ni Kiurdu peke yake. Tarehe 21 Februari 1952 wanafunzi wakapigwa risasi Dhaka, na 1971 ikazaliwa Bangladesh. Jirani mmoja aliruhusu lugha akabaki na nchi, mwingine alikataa akapoteza nusu. Kwa hiyo naweza kukuunga mkono, lakini kwa sababu yangu mimi, si yako.

#8 Kahawa Chungu
@Ndimu na Chumvi sasa umenipinga au umeniunga mkono?

#9 Ndimu na Chumvi
Vyote viwili. Ndio maana ya ndimu na chumvi.

#10 Binti Tongoni
Mimi naona wote mnazunguka mbuyu. Ugomvi wa India haukuwa lugha, ulikuwa MJI. Hesabuni wenyewe.

Madras: Watelugu waliutaka, Watamil wakasema ng'o. Andhra ikazaliwa bila mji mkubwa, ikaenda kuweka makao Kurnool.

Bombay: Wamarathi ndio waliouzunguka na ndio wengi waliokuwa wakifanya kazi viwandani, lakini fedha na biashara zilikuwa mikononi mwa Wagujarati na wengineo. Ndio maana mwaka 1956 serikali ikakataa kuugawa, ikawaweka wote kwenye jimbo moja lenye lugha mbili. Watu zaidi ya mia wakauawa kwenye maandamano ya kudai Maharashtra, wana mnara wao hapo mjini mpaka leo. Mwisho Wamarathi wakaupata mji, 1960.

Punjab: ikakatwa 1966, Haryana ikatoka, wote wakautaka Chandigarh. Wameushirikiana mpaka kesho kutwa.

Sasa turudi kwetu. Wagosi wachukue milima yao, Wazigua wachukue Handeni, Wabondei Muheza, Wadigo Mkinga. Bandari ya Tanga na bomba la mafuta litakaloshukia Chongoleani ni la nani? Hapo ndipo mtasikia kila mtu ana bibi aliyezaliwa Chongoleani.

#11 Papa Mshumaa
Bibi yangu kazaliwa Chongoleani. Nasema tu.

#12 Mgosi wa Mlalo
Tumekwisha.

#13 Fundi Redio
Binti Tongoni umepiga penyewe ila umeacha kipande kitamu kuliko vyote. Telangana.

Nisikilizeni. Hao Watelugu waliolilia jimbo la lugha yao wakalipata Andhra. 1956 wakaongezewa Watelugu wengine waliokuwa chini ya Nizam, mtawala wa Hyderabad, ikawa Andhra Pradesh. Lugha moja, jimbo moja, mambo safi. Kumbe tume ya Fazl Ali ilishaonya kwamba hao wa Telangana waachwe kwanza peke yao, wasiunganishwe kwa haraka. Haikusikilizwa. Wakaandikiana mkataba wa kiungwana kwamba kazi na vyeo vitagawanywa kwa haki.

1969 Telangana ikawaka moto. Wanafunzi wakasema watu wa pwani wamekuja na elimu yao wamekalia kazi zote za serikali, na maji ya mito Krishna na Godavari yanakwenda kwao. Na hata lahaja yao ilichekwa: kwenye sinema mtu wa Telangana ni mlinzi, mshamba au jambazi. Ikapoa, ikawaka tena. Mwishoni mwa 2009 K. Chandrashekar Rao akagoma kula, na tarehe 2 Juni 2014 Telangana ikawa jimbo. Hyderabad ikawa makao makuu ya wote wawili kwa muda wa miaka kumi, halafu ikabaki kwa Telangana. Wale wa pwani waliopoteza Madras wakapoteza na Hyderabad.

Sasa mleta mada nijibu. Lugha moja, herufi zile zile, na bado wakaachana. Lugha iko wapi hapo?

#14 Kahawa Chungu
Dah. Naomba maji.

#15 Mzee wa Bondei
Kijana Fundi Redio, hayo ya Telangana sisi tuliyajua kabla yao. Wasambaa, Wabondei, Wazigua na Wanguu ni watoto wa Seuta, lugha zetu ukisikiliza vizuri ni ndugu wa toka nitoke. Mbegha mwenyewe katoka Unguu akapanda Usambara akawa mfalme, na Wakilindi, ukoo wake, wakaja kututawala sisi Bonde. Kimweri alipofariki na wanawe wakaanza kugombana, miaka ya mwisho ya 1860, Wabondei tukafanya Kiva, yaani uasi wetu, tukawaondoa Wakilindi. Hatukuwaambia hatusikii lugha yenu. Tuliwaambia tumechoka.

#16 Mgosi wa Mlalo
Shikamoo mzee. Hilo la Kiva kumbe bado linauma?

#17 Mzee wa Bondei
Marahaba. Haliumi tena. Linakumbukwa.

#18 Mzigua wa Songe
Nawasoma tu mnavyotugawa mkiwa mmekaa mjini. Wilaya ya Kilindi ilikatwa kutoka Handeni mwaka 2002, makao makuu Songe. Nimesikia watu wakisema waligawa ili Wanguu wapate kwao. Mimi nilikuwepo, sikumbuki mtu aliyeongea lugha. Tulichokuwa tunalilia ni safari. Mtu atoke Kikunde na cheti chake, barabara ya vumbi, mvua ikinyesha ndio basi, alale njiani, afike Handeni aambiwe bwana mkubwa katoka rudi Jumatatu. Ukimpelekea huyo mtu wilaya karibu atafurahi hata kama mkuu wa wilaya anasema Kijaluo.

#19 Jicho la Pweza
Kama Mkinga. Ilipokatwa kutoka Muheza wapo waliosema ni Wadigo wameachana na Wabondei. Kumbe tazama ramani: mtu wa Horohoro aende Muheza kufuata nini, apite Tanga mjini aendelee tena. Mimi nasema umbali.

#20 Binti Tongoni
@Jicho la Pweza umbali ndio, lakini mstari walipouchora ulifuata nini? Mbona haukupita katikati ya vijiji vya Wadigo ukawagawa nusu kwa nusu? Wachora mipaka wanajua wanachofanya, hawasemi tu.

#21 Mdigo wa Ng'ambo
Hamjambo ndugu zangu. Niko Lungalunga, upande wa Kenya. Mnaongea kukatwa na kugawanywa nyie? Mdigo aliyekatwa nimekaa hapa. Mwaka 1886 Mwingereza na Mjerumani wamekaa kwenye meza huko Ulaya wakapiga mstari kutoka mdomo wa mto Umba mpaka ziwa Jipe, ukazunguka Kilimanjaro. Nikitaka kwenda kumzika shangazi yangu Duga Maforoni napitia forodhani. Kidigo kile kile, jina la ukoo lile lile, kwenye mazishi mmoja anasoma dua za mtu wa Mkinga, mwingine mtu wa Kwale.

Na hakuna aliyedai kuunganishwa. Mnajua kwa nini? Wakubwa wa Afrika walikubaliana Cairo mwaka 1964 kwamba mipaka ya mkoloni isiguswe. Mlango ukapigwa kufuli hapo hapo.

#22 Papa Mshumaa
Pole kwa shangazi. Vipi bei ya unga upande huo?

#23 Mdigo wa Ng'ambo
Imepanda. Tunavuka kuja kwenu. Hiyo ndiyo Serikali ya Kidigo yenyewe, bila bendera.

#24 Mwalimu Mstaafu
Nyongeza kwa ndugu wa Lungalunga. Huko kwenu mlikuwa na jambo la Mwambao kabla ya uhuru, ukanda wa maili kumi uliokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar. Wapo waliotaka ujitenge, Sir James Robertson akaletwa 1961 kuchunguza, akashauri ubaki Kenya. Kwa kanuni ya lugha, Mwambao ungekuwa mfano safi, Kiswahili kitupu. Lakini Ronald Ngala na Wamijikenda wengi walikataa. Hawakutaka kurudi chini ya waliokuwa na watumwa na mashamba. Wao walitaka majimbo, na Kenya ikapata majimbo hayo 1963, yakadumu kwa muda mfupi.

#25 Mdigo wa Ng'ambo
Sahihi mwalimu. Sasa tuna kaunti 47 tangu katiba ya 2010. Kwale ni Wadigo na Waduruma na Wakamba na wengine. Ugomvi wetu ni nani kateuliwa kwenye bodi ya maji.

#26 Dereva wa Masafa
Mimi si msomi, mimi ni usukani. Nimepeleka mzigo mpaka Moyale, mpakani mwa Kenya na Ethiopia, mara nyingi. Ethiopia ndio waliokwenda mbali kuliko hao Wahindi wenu. Katiba yao ya 1995 imegawa nchi kwa makabila na lugha, na kifungu cha 39 kinasema taifa likitaka kujitenga linayo haki. Sasa pale Moyale mji mmoja, Oromia wanasema wetu, Jimbo la Somali wanasema wetu. Nimekuta ofisi mbili za serikali ndani ya mji mmoja, kila moja na bendera yake. Siku moja nimelala chini ya lori siku tatu kwa sababu wanarushiana risasi. Walipiga kura 2004 kwenye vijiji vya mpakani na bado.

Mwaka 2019 Wasidama wakapiga kura wakapata jimbo lao, 2020 likawa la kumi. Wakafuata wengine wa kusini. Ukishasema lugha ni hati ya kiwanja, kila mwenye lugha anakuja na hati.

#27 Ndimu na Chumvi
Dereva kaongea kuliko maprofesa.

#28 Fundi Redio
Lakini Dereva, Ethiopia imeungua kwa sababu ya lugha au kwa sababu kabla ya hapo lugha moja ilikalishwa juu ya zote kwa miaka mingi? Uswisi nao walikuwa na kesi kama hiyo. Watu wa Jura, wasema Kifaransa, walikuwa ndani ya mkoa wa Bern, wa wasema Kijerumani. Wamegombana miaka, wakachoma moto nyumba kadhaa, 1979 wakapata mkoa wao. Wala hawakuchinjana. Na huko nako mambo ya Telangana: wa Jura ya kusini, Kifaransa kile kile, wakabaki Bern kwa sababu wao ni Waprotestanti na wa kaskazini ni Wakatoliki. Mji mmoja, Moutier, umeendelea kupiga kura hadi 2021 ndipo ukasema unahama.

#29 Dereva wa Masafa
Uswisi wana pesa fundi. Mwenye pesa anagombana kwa karatasi.

#30 Mama Chumbageni
Jirani zetu zamani walikuwa Wagoa. Baba alikuwa fundi cherehani, mama akitupikia keki ya nazi Krismasi. Nyumbani walisema Kikonkani. Goa ilipotoka kwa Mreno 1961, jimbo kubwa la jirani, Maharashtra, likasema hao ni wetu, Kikonkani ni lahaja ya Kimarathi tu. Wagoa wakapigishwa kura Januari 1967, wakakataa kuunganishwa. 1987 wakawa jimbo kamili. Yule mama alikuwa akisema kwa Kiswahili chake kile: "Watu wananiambia mimi nasema lugha yao vibaya. Mimi nasema lugha yangu vizuri."

Nililikumbuka hilo niliposoma habari ya mzee wa Kikachi. Kumbe Kikachi nacho ni kaka yake Kisindhi, si Kigujarati. Na Wasindhi hawana jimbo India, kwao kulibaki Pakistan. Sasa huyo mzee wa Kutch, kwa kanuni ya lugha, alipelekwa Gujarat kwa sababu gani?

#31 Kahawa Chungu
Mama, swali hilo nitamfikishia mwenyewe leo jioni.

#32 Bwana Shamba
Nimechelewa, nimesoma toka mwanzo. Hamjamtaja mtuhumiwa mkuu. Aliyetufundisha kwamba kila kabila lina mpaka ni Mwingereza. Gavana Cameron alipokuja na sheria ya 1926 ya wenye mamlaka wa kienyeji, akaanza kutafuta machifu na mipaka yao mahali pote. Usambara akawarudisha Wakilindi Vugha. Palipokuwa na watu waliochanganyika akawalazimisha wajichague, wewe kabila gani? Na makabila mengi kwenye mashamba ya mkonge hayakuwa ya hapa kabisa. Babu yangu Mmakonde, kaletwa kukata mkonge. Mkigawa kwa lugha, sisi wa kambini mnatupeleka wapi? Tanga nusu yake ni watoto wa manamba.

#33 Mzigua wa Songe
Hoja nzito sana hii. Kambi ya mkonge ina lugha kumi na tano na timu moja ya mpira.

#34 Papa Mshumaa
Coastal au African Sports?

#35 Mzigua wa Songe
Usinichokoze.

#36 Mgosi wa Mlalo
@Bwana Shamba, lakini mipaka ya Cameron ndiyo hiyo hiyo Nyerere aliikuta. Na Upare wakati wa Mwingereza ulikuwa Jimbo la Tanga, mgogoro wa Mbiru watu walipokataa kodi mpya kule Same barua zilikuwa zinakuja Tanga. Leo Wapare wako Kilimanjaro. Je, walipelekwa huko kwa lugha? Kipare na Kichaga vimekaa mbali. Wale wangekuja kwetu.

#37 Ndimu na Chumvi
Wapare waje kwenu halafu nani alipe chai?

#38 Msimamizi wa Jukwaa
Wakuu, utani wa makabila umeruhusiwa, kejeli hapana. Nimefuta majibu mawili. Endeleeni.

#39 Mwalimu Mstaafu
Bwana Shamba umenikumbusha kitu ambacho kinanifanya niseme mleta mada amekosea swali. Anauliza tuliogopa nini. Mimi nasema hatukuwa na kitu cha kugawia. India kila lugha kubwa ilikuwa na magazeti yake, waandishi wake, shule zake, watu milioni kwa mamilioni. Sisi tulikuwa na lugha zaidi ya mia, nyingi za watu wachache, na juu yake Kiswahili tayari kilikwishaenea. Mjerumani alikitumia ofisini, shule ya serikali ilikuwa hapa hapa Tanga. TANU ikahutubia kwa Kiswahili kuanzia Lindi mpaka Bukoba. Wenzetu Congress walilazimika kugawa kamati kwa lugha ili waeleweke. TANU hawakulazimika. Machifu wakaondolewa 1963. Sensa ya 1967 ndiyo ya mwisho kuuliza kabila. Sheria ya vyama ya 1992 ikakataza chama cha kabila. Huo ndio mfuatano.

#40 Binti Tongoni
Mwalimu, kwa heshima zote nakataa hapo. Unasema Kiswahili kilituunganisha kana kwamba chenyewe hakina mipaka. Miye bibi yangu anasema Kimtang'ata, lahaja ya Kiswahili ya pwani yetu. Mombasa mwaka 1928 wakakaa wakachagua Kiunguja ndicho kiwe sanifu, na lahaja nyingine zote zikawa "makosa". Mwalimu wa darasa la pili alinichapa kwa neno la bibi yangu. Si wewe, usijali. Kwa hiyo tusiseme sisi hatukugawa. Tuligawa, ila mpaka wetu tuliupitisha mdomoni mwa mtoto. Wale wa Telangana waliochekwa kwenye sinema nawaelewa vizuri sana.

#41 Mwalimu Mstaafu
Binti, kuchekwa na kunyimwa jimbo ni vitu viwili.

#42 Binti Tongoni
Fundi Redio katuonyesha cha kwanza kinazaa cha pili.

#43 Fundi Redio
Nilisema maji na kazi vilizaa cha pili, kuchekwa kukaongezea kuni. Nisinukuliwe kwa upande mmoja.

#44 Jicho la Pweza
Nami nabaki kwenye umbali. Hata Hyderabad, wangekuwa na barabara nzuri...

#45 Fundi Redio
Jicho la Pweza umbali hauponyi kila ugonjwa.

#46 Kahawa Chungu
Wakuu nimerudi kutoka kijiweni. Nimemfikishia mzee swali la Mama Chumbageni, kwa nini Kutch ilikwenda Gujarat wakati Kikachi ni ndugu wa Kisindhi. Akaniuliza kwanza ni nani anayeuliza. Nikamwambia mama mmoja wa Chumbageni. Akasema, "Huyo ana akili, wewe huna."

Halafu akaeleza. Kikachi ni cha nyumbani, wanakizungumza sana, lakini shule, dukani na kwenye vitabu vya hesabu waliandika Kigujarati toka zamani. Hata duka la baba yake hapa Ngamiani, daftari la mkopo lilikuwa Kigujarati, kugombana na mke Kikachi, kumtukana mdaiwa Kiswahili. Kwa hiyo serikali ilitazama daftari, haikutazama jikoni. Nikamuuliza, baba mdogo alifurahi au alichukia? Akasema barua ya mwaka 1960 haikusema lolote juu ya jimbo. Ilisema mvua haijanyesha na ng'ombe wamekufa.

Narekebisha dai langu la #1, basi. Si kweli kwamba waliwapa wenye lugha majimbo yao. Waliwapa wenye maandishi.

#47 Ndimu na Chumvi
Hapo sasa naanza kukuunga mkono kwa sababu yako.

#48 Bwana Shamba
Na Wambugu wa Usambara je? Lugha yao wasomi wenyewe wanabishana ni ya Kibantu au si ya Kibantu. Wao wangepewa jimbo la wapi, katikati ya msitu?

#49 Mgosi wa Mlalo
Wambugu ni ndugu zetu, wana ng'ombe, tutawapa maziwa... namaanisha watatupa maziwa.

#50 Mwalimu Mstaafu
Kahawa Chungu, uulize tena. Kutch ikitiwa ndani ya Bombay mwaka 1956, ilikuwa bado Bombay ya lugha mbili. Je, siku hizo mahakama za Kutch zilitumia lugha gani? Hilo sijaliona mahali, na mzee huenda anajua.

#51 Kahawa Chungu
Kesho haji, ana kliniki ya macho. Labda Jumamosi.

#52 Papa Mshumaa
Jumamosi nipo. Mkachi huyo bao nimemtafuta siku nyingi.